Dawa ya Kusafisha Ini

Efrazia alianza kushona kwenye baraza ya duka la vitambaa la Natwarlal, pale Korogwe mjini, wakati binti yake Edna angali tumboni. Edna sasa ni mwalimu Singida na ana mtoto wake. Mzee Natwarlal alishafariki, duka limebaki mikononi mwa mkewe Jyotsna, na Efrazia bado yuko palepale, cherehani yake ikitazama barabara. Wanawake hao wawili wamekuwa watu wazima pamoja, mmoja nyuma ya kaunta, mwingine nje ya mlango, wakiongea siku nzima bila kutazamana. Jyotsna humwita mwenzake Mama Edna. Efrazia naye humwita Mama Parag, kwa jina la mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam.

Mwaka ambao Efrazia alitimiza miaka hamsini na mbili, mwili wake ulianza kumfanyia mambo asiyoyaelewa. Siku zake zilikuwa zimekatika tangu mwaka uliotangulia, na hilo lilimfurahisha. Alidhani ndiyo mwisho wa habari. Kisha likaja joto. Lilimpanda kutoka kifuani hadi kwenye paji la uso, hata asubuhi za baridi za mwezi wa saba, akawa anaondoa miguu kwenye pedali na kujipepea kwa kipande cha kitambaa mpaka lipite. Usingizi ukawa wa kukatikakatika. Kiuno nacho kikapotea. Hakuwa anakula zaidi ya zamani, hilo alikuwa na hakika nalo, lakini magauni yake yote ilibidi ayafumue ubavuni na kuyaongeza, na yeye aliyezoea kuwapima wenzake kwa futi akawa hataki kabisa kujipima. Juu ya hayo kulikuwa na uchovu usioisha kwa kupumzika, na uzito fulani chini ya mbavu za kulia. Hayakuwa maumivu hasa. Ilikuwa kama mtu ameegemeza kiganja hapo na hataki kukiondoa.

Hakumwambia mtu. Mumewe Castory ni Mzigua wa Misima, upande wa Handeni, na sehemu kubwa ya mwaka hukaa huko kwenye shamba la wazazi wake. Safari moja aliporudi Korogwe alimkuta mkewe amehamia kulala sebuleni, kwenye mkeka karibu na dirisha. Efrazia alimwambia ni joto tu, kule chumbani hakuna hewa. Castory hakubisha. Ila kuanzia hapo akawa anapiga hodi kila anapotaka kupita sebuleni, taratibu, kama mgeni ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, na hodi zile zilimuuma Efrazia kuliko kama angelalamika.

Mwezi wa tisa aliamua kwenda kupima. Alidhani ni vidonda vya tumbo, kwa sababu kila mtu aliyemfahamu alikuwa na vidonda vya tumbo. Kwenye kituo cha afya alipokewa na daktari kijana aitwaye Bernadina, dada mpole aliyemwamkia shikamoo kabla ya kumkaribisha kiti. Alimbonyeza tumbo, akamuuliza mengi, kisha akampeleka kwenye chumba cha utrasaundi, akampaka ute wa baridi na kupitisha kile chombo chini ya mbavu. Alirudia mara kadhaa mahali pale pale.

"Samahani, mama, swali hili namuuliza kila mtu," alisema Bernadina macho yakiwa bado kwenye skrini. "Unatumia pombe?"

Efrazia alijibu hapana.

"Hata kidogo kidogo? Kwenye sherehe?"

Alijibu tena hapana, na safari hii sauti yake ilikuwa kali. Daktari aliitikia kwa kichwa, akamfuta tumbo, akamwambia kwamba ini lake limejaa mafuta. Aliendelea kueleza mambo ya homoni, sukari, uzito, na vipimo vya damu ambavyo angependa wavifanye wiki ile ile. Efrazia hakusikia lolote kati ya hayo. Alichosikia ni neno ini.

Alizaliwa kwenye kambi ya mkonge, si mbali na Korogwe. Babu yake alitoka Ubena kuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Baba yake, Isaka, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kambi hiyo hiyo, akisafisha mashine za kusaga majani, na kila jioni alipitia gongo kabla ya kufika nyumbani. Efrazia alipokuwa darasa la tano, tumbo la baba yake lilijaa maji likawa kama la mama mjamzito, na macho yake yakawa manjano. Efrazia ndiye aliyekuwa akimnawisha uso asubuhi. Siku ya mazishi alisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenziwe jikoni kwamba ini la Isaka lilikwisha kwa gongo, na akaongeza kwamba ugonjwa wa ini ni ugonjwa wa walevi, hauna jina jingine. Tangu siku hiyo Efrazia hakuwahi kuonja kilevi cha aina yoyote. Kwenye harusi alikuwa akinusa glasi ya juisi kabla ya kuinywa. Kina mama wa jumuiya yao ya kanisani walimfahamu hivyo, na walipomtania kidogo kwa jambo hilo, walimtania kwa heshima.

Sasa aliambiwa ana ugonjwa wa ini. Alimshukuru daktari, akatoka nje, na hakurudi kwa ajili ya vipimo vya damu.

Siku ya gulio alimwona muuza dawa aliyekuwa akitangaza kwa kipaza sauti. Mbele yake alikuwa amepanga chupa za plastiki zenye maji meusi, na dawa zake zilisafisha figo, damu, kizazi, kibofu na ini. Alipofika kwenye ini, Efrazia alisogea. Mtu yule hakumuuliza anaumwa nini wala tangu lini. Alimwambia tu kwamba ni mizizi mitupu, anywe kifuniko kimoja asubuhi na kimoja jioni, na asistuke ikimchoma koo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Ilimchoma koo kweli. Ilikuwa chungu kama mwarobaini, na ndani ya uchungu ule kulikuwa na harufu nyingine. Efrazia alijiambia ni harufu ya mizizi. Mchana aliificha chupa kwenye droo ya cherehani, nyuma ya mabobini ya uzi, jioni akairudisha nyumbani mkobani, na kila asubuhi kabla Jyotsna hajafungua mlango wa duka alikunywa kifuniko chake haraka haraka, akifumba macho.

Wiki zilipita. Kichefuchefu kilianza, na chakula kikawa hakipiti. Alipoona shavu limepungua alidhani ini linasafika, akanunua chupa ya pili. Lakini mikono yake haikuwa ile ya zamani. Alishona mkono wa gauni la bibi harusi kinyume, ndani ukawa nje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa anajifunza kazi. Jyotsna aliliona kabla yake. Alitoka nyuma ya kaunta, akasimama juu yake na kumuuliza ana nini. Efrazia alisema ni malaria. Jyotsna hakuamini, lakini hakujua aulize nini zaidi, kwa hiyo alifanya alichokuwa akifanya kila saa nne asubuhi kwa miaka yote ile. Alimletea kikombe kikubwa cha chai ya maziwa yenye tangawizi na sukari nyingi, na juu ya kisahani ladu mbili, matufe matamu ya unga ya Kihindi, alizozipika mwenyewe kwa samli. Efrazia alikula zote mbili ili asimvunje moyo.

Castory alirudi kutoka Misima mchana mmoja wa mwezi wa kumi. Kama kawaida yake alishukia pale pale dukani, akamwamkia Jyotsna kwa heshima, kisha akainama kumsalimia mkewe. Akabaki ameinama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Akanyanyuka. Alimuuliza kama amekula, akambebea mfuko, wakatembea hadi nyumbani.

Siku hiyo Castory ndiye aliyepika. Alichemsha kisamvu, akasonga ugali, akamwekea mkewe maji ya kunawa. Walikula uani, jua likiwa bado juu ya mapaa. Efrazia alikula matonge machache akasukuma sahani. Castory alinawa, akafuta mikono polepole, akasogeza kigoda chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mama Edna," alisema, "nimesikia harufu mdomoni mwako."

Efrazia alimtazama.

"Sikuulizi ili nikugombeze. Najua umepitia mambo mwaka huu na hukuniambia. Kama ni mimi nimekuacha peke yako mno, sema. Shamba linaweza kulimwa na mtu mwingine."

Aliposikia hivyo Efrazia alitaka kucheka, kisha akataka kukasirika, na yote mawili yakamshinda. Alisema hanywi. Alisema yeye, Castory, ndiye mtu wa mwisho duniani aliyefaa kumuuliza hivyo. Kisha akaingia ndani, akaitoa chupa kwenye mkoba aliokuwa akienda nao kazini, akamwekea mbele ya miguu yake. Alimwambia ni dawa.

Castory alifungua kifuniko, akanusa. Alikwenda jikoni akaja na kijiko na kiberiti. Alimimina kidogo kwenye kijiko, akawasha njiti, akaisogeza. Dawa ile ilishika moto. Ulikuwa moto mwembamba wa rangi ya buluu, hauna moshi, na ulitambaa juu ya kijiko taratibu mpaka ukazimika wenyewe na kuacha matope meusi ya mizizi.

Efrazia aliketi chini. Aliangalia kile kijiko kwa muda mrefu, na Castory akakiweka mbali, nyuma ya kigoda.

"Nilijua," alisema Efrazia. "Tangu kifuniko cha kwanza nilijua ile harufu. Nimekua nayo. Nikajiambia ni mizizi."

Hapo ndipo machozi yalipotoka, na pamoja nayo yakatoka mengine yote. Alimsimulia utrasaundi na swali la daktari. Alimsimulia habari ya ini, ya baba yake, ya wanawake wale wawili jikoni siku ya mazishi, ambayo kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa hajawahi kumwambia. Alimwambia habari za joto, na kwamba mkeka haukuwa hasira. Kwamba alikuwa akiloa jasho kama mtu aliyenyeshewa na aliona aibu aonekane hivyo. Alimwambia anaogopa tumbo lake litajaa maji na watu wa jumuiya watakuja kumwombea huku wakitazamana.

Castory alisikiliza. Si mtu wa maneno mengi.

"Kesho tunarudi kwa yule daktari wote wawili," alisema. "Na swali la pombe nitalijibu mimi. Nitamwambia nimekaa na mama huyu miaka ishirini na minane, na hata togwa ikichacha anaimwaga."

Efrazia alicheka huku analia. Mumewe akamwaga chupa kwenye shimo la taka, akafukia.

Bernadina alifurahi kumwona tena. Hakumgombeza kwa kupotea. Alipoambiwa habari ya dawa ya gulioni uso wake ulibadilika, akasema yeye si wa kwanza, na kwamba wapo walioingia na ini lenye mafuta tu wakatoka kwenye chupa kama ile na ini lililoungua. Alimtoa damu siku hiyo hiyo, na walipotakiwa kurudi kuchukua majibu, Castory alivaa shati lake la kanisani.

Majibu yalionyesha kwamba ini lilikuwa limesumbuka, na sehemu ya usumbufu ilitokana na ile dawa. Virusi vya homa ya ini havikuwemo. Sukari ilikuwa imepanda lakini haijawa kisukari. Bernadina alivuta kiti akakaa upande wao wa meza, akaeleza upya, na safari hii Efrazia alisikia. Aliambiwa kwamba miaka yote ya hedhi mwili wa mwanamke huwa na homoni inayoyaweka mafuta kwenye nyonga na mapaja, na inayolilinda ini. Hedhi ikikoma homoni hiyo hushuka. Mafuta huhamia tumboni, mengine huingia ndani ya ini, na mwili unakuwa mzito kuitumia sukari kama ulivyoitumia zamani. Ndiyo maana mtu anaweza asibadilishe chakula chake hata kidogo na bado kiuno kikapotea. Joto nalo lilitoka kwenye mabadiliko hayo hayo.

"Yapo maini yanayoharibiwa na pombe, mama, na lipo hili lako," alisema. "Haya ni magonjwa mawili, ila yanaingilia mlango mmoja. Lako likiwahiwa hupungua."

Hakumpa vidonge. Alimtaka aache soda, apunguze sukari kwenye chai hadi iishe, ugali na wali viwe kidogo na mboga na maharage viwe vingi, atembee kila siku kwa mwendo wa kutoa jasho, apungue uzito polepole, na asinywe dawa yoyote ya chupa. Angepimwa tena baada ya miezi michache.

Castory aliinua mkono kama mwanafunzi. Aliuliza hilo joto linalomtoa mkewe chumbani lifanyweje. Efrazia aliangalia sakafu. Daktari alijibu bila kutabasamu kwamba hewa ya kutosha husaidia, na kanga nyepesi, na kutokunywa chai ya moto jioni. Likizidi warudi, kuna matibabu yake.

Siku iliyofuata Castory aliazima tindo na nyundo akaanza kutoboa ukuta wa chumba chao. Nyumba nzima ilijaa vumbi. Alipomaliza kulikuwa na dirisha pana upande wa mashariki, lenye wavu wa mbu na mbao alizozipiga randa mwenyewe, na kitanda alikisogeza chini yake. Efrazia alikunja mkeka, akaupeleka stoo.

Kazi ngumu ilibaki dukani. Asubuhi Jyotsna alipoleta chai, Efrazia aliisukuma kidogo, akaomba isiyo na sukari. Jyotsna aliudhika. Alirudi nyuma ya kaunta, akawa anakunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa. Efrazia hakuona njia nyingine. Aliingia ndani ya duka, jambo alilolifanya mara chache, na akasema wazi kwamba ana mafuta kwenye ini. Alisema pia kwamba hakupata kunywa pombe, ingawa Jyotsna hakumuuliza.

Jyotsna aliacha vitenge. Alikwenda kuegesha mlango, akarudi.

"Mimi nina kisukari, Mama Edna," alisema. "Mwaka wa tano huu. Nameza dawa chooni ili mtu asinione."

Alikuwa ameficha kwa sababu ya Parag. Mwanawe akijua, alisema, atamhamishia Dar es Salaam siku hiyo hiyo, akakae ghorofani kama kuku wa kufugwa ndani. Joto nalo alikuwa akilijua. Yeye ni mkubwa kwa Efrazia kwa miaka mitano, na lilimtesa wakati wa msiba wa mumewe, watu wakadhani ni huzuni. Efrazia alimshauri naye akapime ini. Jyotsna alikataa. Hajawahi kula nyama maishani mwake, alisema, wala yai, wala kugusa kinywaji chochote. Ini lake halikuwa na sababu.

Hata hivyo alikubali kutembea. Wakaanza kukutana kila asubuhi jua linapochomoza, wakapita stesheni ya reli hadi karibu na mto, kisha wakarudi. Jyotsna alivaa raba chini ya suruali pana na kanzu ndefu ya Kihindi, na mwanzoni alisimama kila mahali penye kivuli. Watu waliokuwa wakienda kazini waliwaamkia na kuwatania kwamba wanajiandaa na mashindano. Chai ya saa nne ilibaki, ila sasa ilikuwa ya tangawizi tupu, na mahali pa ladu palikaa karanga au kipande cha papai. Mara moja moja Efrazia alisikia kifuniko cha kopo la ladu kikifunguliwa nyuma ya kaunta, kwa uangalifu mkubwa. Yeye hukohoa kidogo, na kifuniko hufungwa.

Alimshawishi aende kupima, bila kumsukuma. Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, baada ya kuona Efrazia hashikiki tena kwa mwendo, Jyotsna mwenyewe alisema basi, twende tukamalize maneno. Efrazia aliingia naye chumba cha utrasaundi, akamsaidia kufungua blauzi ambayo yeye ndiye aliyeishona. Bernadina alipitisha chombo chini ya mbavu. Alirudia mahali pale pale mara nyingi kuliko alivyofanya kwa Efrazia. Kisha akawaeleza kwamba ini lile lilikuwa na mafuta, lakini lilikuwa pia limeanza kukakamaa, na yeye hapo hakuwa na kifaa cha kupima limekakamaa kiasi gani. Miaka ya kisukari imelifanyia kazi kimyakimya. Alitaka aende hospitali kubwa Dar es Salaam, na asichelewe.

Nje kulikuwa na benchi. Walikaa. Efrazia alikuwa amejipanga kumfariji mwenzake tangu walipotoka nyumbani. Alichokuwa nacho sasa ni nafuu kwamba si yeye, nafuu ndogo yenye kuchukiza, na aliona aibu nayo mpaka masikio yakamwaka moto.

"Sili nyama," alisema Jyotsna, kwa sauti ya mtu anayeomba hesabu irudiwe.

"Najua, Mama Parag."

"Utakaa na mimi nikimpigia?"

Efrazia alimshika mkono. Walimpigia Parag kutoka kwenye benchi lile, simu ikiwa imewekwa katikati yao. Jyotsna aliongea Kigujarati, na Efrazia hakuelewa ila jina lake mwenyewe lililotajwa mara mbili tatu. Sauti ya upande wa pili ilianza juu, ikashuka, ikawa ya mtoto. Jumamosi hiyo Parag alikuja na gari kumchukua mama yake. Kabla ya kuondoka alimwamkia Efrazia shikamoo na akabaki amemshika mikono muda mrefu. Duka likafungwa. Efrazia alishona barazani siku chache mbele ya mlango uliofungwa, kisha akaona hawezi, akahamishia cherehani nyumbani.

Mwishoni mwa mwezi wa pili alipimwa tena. Alikuwa amepungua, si sana, na kiuno chake cha usichana hakikurudi wala hakukitegemea. Lakini mafuta kwenye ini yalikuwa yamepungua, na damu ilikuwa na majibu mazuri. Bernadina alimgeuzia skrini aone. Efrazia hakuona tofauti yoyote katika ule ukungu wa kijivu, ila aliamini. Alipotoka alimpigia Castory, kisha alitaka kumpigia Jyotsna akasita, kwa kuwa furaha yake ilimtia woga. Jyotsna ndiye aliyepiga jioni ile kumuuliza majibu. Aliposikia alisema amefurahi, na Efrazia akajua anasema kweli.

Masika yalipoanza Efrazia alikwenda Misima kupanda pamoja na mumewe. Hakuwa amefanya hivyo tangu Edna akiwa mdogo. Siku za kwanza mgongo ulimuuma na viganja vikatoka malengelenge. Kisha mwili ukazoea. Alishindia makande yasiyokaangwa na mchunga, mboga chungu ya porini, aliyoichuma mwenyewe kwenye kingo za shamba. Joto lilimjia bado, lakini huko porini halikuwa na wa kulitazama. Alisimama, akashikilia jembe, likapita, akaendelea. Castory kwenye mstari wa pili alikuwa akisimama naye.

Habari za Dar es Salaam zilikuja kwa vipande. Walimpima kwa mashine maalumu. Walimbadilishia dawa za kisukari. Walimwambia arudi baada ya miezi mitano ndipo waseme ugonjwa unakwenda wapi. Miezi ile Jyotsna alipiga simu karibu kila siku, akasimulia jinsi anavyotembea kwenye korido ya ghorofa ya mwanawe, kwenda na kurudi, majirani wakidhani amepoteza kitu. Siku ya majibu hakupiga. Kesho yake hakupiga pia. Efrazia alipura maharage siku mbili hizo, simu ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga.

Siku ya tatu, mchana, Jyotsna alishuka kwenye basi pale Misima, amebeba mkoba mmoja na mwavuli, raba zake miguuni. Aliishi Korogwe tangu alipoolewa, na hakuwahi kufika upande huo wa Handeni. Alikuwa ameuliza njia kwa kina mama wanaouza machungwa, nao wakamwonyesha hadi uani. Efrazia alimwona kutoka mbali, akaacha kila kitu akamwendea, akamkumbatia huku mikono imejaa udongo.

"Nilitaka nikuambie mwenyewe," alisema Jyotsna. "Makovu kwenye ini yapo, hayatoki. Lakini hayajaongezeka. Sukari imeshuka. Nikienda hivi hivi, wamesema, naweza kuishi nayo."

Walikaa kwenye jamvi. Jyotsna alieleza kwamba atakuwa akirudi Dar es Salaam kila nusu mwaka, na kwamba amemwambia Parag anampenda lakini duka halijiuzi lenyewe. Atalifungua wiki ijayo, na kama kuna fundi anayetaka baraza aje. Parag alipinga siku mbili nzima, ndiyo maana simu ilinyamaza. Mwishoni alikubali kwa sharti kwamba Mama Edna akubali kumpigia yeye, Parag, siku yoyote akiona mama yake hayuko sawa. Efrazia alikubali.

Baadaye Castory alimpeleka mgeni kuona shamba. Mahindi yalikuwa yamekauka yakingoja kuvunwa, na katikati yake mbaazi zilisimama juu ya kichwa cha mtu, zimejaa maua ya njano. Jyotsna aliuliza ni mti gani. Castory alipomtajia alisimama kabisa. Alikuwa akipika mbaazi karibu kila siku tangu utotoni, na hajawahi kuiona ikiwa imesimama shambani. Alishika tawi moja akalivuta karibu na uso, akauliza zinachukua muda gani, zinahitaji mvua kiasi gani, na kama zinaweza kuota kwenye ua wa nyuma wa duka. Castory alimjibu moja baada ya jingine, kwa uvumilivu, na Efrazia alikwenda nyumbani kuinjika maji.

Walipomaliza kula, Jyotsna alimpigia mwanawe, aliyekuwa ametangulia Korogwe kwa gari na mizigo yake, akamwambia asimsubiri kesho. Angekaa Misima mpaka Jumapili.